Shajara ya Mradi: Dashibodi ya Bati na Waya Zisizoonekana kwenye Ford ya 1932

Gari lilipofikia

Chasisi imekwisha, bodi imekaa juu yake na bolti zote zimekazwa, injini na giaboksi viko mahali pake. Ni Ford ya 1932 ya milango miwili. Chini ya boneti sasa kuna Chevrolet V8 ya inchi za ujazo 350, sawa na lita 5.7, pale ilipokaa V8 ya Ford ya inchi 221. Wapenzi wa hotirodi, yaani magari ya zamani yaliyoongezwa nguvu, hawatashangaa. Tangu vijana wa California waanze kukimbizana kwenye maziwa makavu kama Muroc katika miaka ya 1930, mchezo ni uleule: bodi nyepesi ya zamani, injini yenye nguvu kuliko ile ya kiwandani, na kila kisicho na kazi kinatupwa.

Umeme haupo kabisa. Nimeng'oa kila waya iliyokuwemo. Aliyekuwa na gari kabla yangu aliunga waya juu ya waya mpaka waya moja ikaingia chini ya dashibodi ikiwa nyekundu na kutoka upande wa pili ikiwa kijani. Tepu nyeusi ilikuwa imegeuka gundi. Hata mfumo wa kiwandani usingenisaidia, kwa kuwa Ford za miaka hiyo zilitumia volti 6 na chanya ndiyo iliyofungwa kwenye mwili wa gari, kinyume na altaneta (kifaa kinachozalisha umeme na kuchaji betri) na injini niliyonayo.

Ninataka mambo mawili. Kwanza, dashibodi mpya ya bati, iliyotengenezwa kwa mkono, yenye geji za sindano. Pili, waya zisionekane: mtu akifunua boneti aone injini, akiinama chini ya gari aone chuma, akikaa kitini asione kitu kinaning'inia miguuni. Ila kuficha ni kitu kimoja na kuzika ni kitu kingine. Waya iliyozikwa ndani ya chuma kilichochomelewa ikikatika, unakata gari. Kwa hiyo sharti langu ni kwamba kila waya na kila kiungo vifikike kwa zana za kawaida, na dashibodi yenyewe iwe mlango wa kuvifikia.

Njia za waya kwanza, bati baadaye

Watu wengi huanza na dashibodi kwa sababu ndiyo inayopendeza. Mimi nimeanza na chaki. Nimechora moja kwa moja kwenye chasisi na bodi mahali kila waya itakapopita, kwa sababu umbo la dashibodi litategemea nafasi itakayobaki nyuma yake.

Mpangilio niliofikia ni huu. Betri inakaa kwenye buti, chini ya sakafu ya mbao inayonyanyuka. Sanduku la fyuzi na rilei (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo) linakaa nyuma ya dashibodi upande wa abiria, juu ya trei yenye bawaba: ukifungua skrubu mbili za vidole, trei inashuka mpaka magotini na fyuzi zote zinakutazama. Kutoka hapo waya zinagawanyika njia tatu. Fungu moja linaingia injini kupitia ukuta wa injini, jingine linashuka nyuma ya paneli ya pembeni ya miguu hadi kwenye boriti ya chasisi kwa ajili ya taa za mbele, na la tatu linarudi nyuma kwa ajili ya taa za nyuma, tangi na betri.

Injini hii ina zawadi moja kwa mtu anayeficha waya: distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, iko nyuma kabisa, karibu na ukuta wa injini, na sensa ya presha ya oili iko jirani yake. Tundu la ukuta nimelipanga nyuma ya distributa hiyohiyo. Ukisimama mbele ya gari, kofia ya distributa na waya zake za plagi zinalifunika lote.

Boriti za Ford ya 1932 zinaonekana kwa nje, na mkunjo wake wa ubavuni ni sehemu ya sura ya gari. Zamani zilikuwa wazi upande wa ndani. Zangu zimefungwa kwa bati nene ili zibebe injini mpya, hivyo ndani kuna handaki tupu. Kabla ya kufunga nilikwisha kupitisha paipu ya chuma ya milimita 25 ndani ya kila boriti, ikashikwa kwa madoa ya kuchomelea kila baada ya nusu mita. Waya zitapita ndani ya paipu, na siku yoyote naweza kuzivuta na kurudisha nyingine. Midomo ya paipu nimeipanua kidogo na kuisugua kwa tupa hadi kidole kisikwaruzwe, maana makali ya chuma yana subira ndefu: yatasugua ngozi ya waya kwa miaka, halafu siku moja wakati gari linatikisika yatagusa shaba.

Rilei ndizo zinazofanya waya ziwe nyembamba

Hapa ndipo penye siri ya kazi nzima, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Waya nene ni ngumu kuficha. Haikunji kona, inajaza paipu, inainua zulia. Unene unatakiwa kwa sababu ya mkondo: taa kubwa mbili za wati 55 kila moja zinakula ampea 9 hivi kwenye volti 12, na feni yangu ya rejeta inakula kama ampea 25 ikiwa imeshika kasi. Ukipitisha mkondo huo kwenye swichi ya dashibodi, waya nene inatoka betri hadi kwenye swichi, inarudi tena mpaka mbele ya gari, na swichi yenyewe inaungua taratibu ndani.

Rilei inaondoa safari hiyo. Mguu wa 30 unapokea umeme kutoka kwenye fyuzi, mguu wa 87 unapeleka kwenye taa, na miguu ya 85 na 86 ni ya koili, ambayo inakula mkondo mdogo sana, kama sehemu ya sita ya ampea. Swichi ya dashibodi inawasha koili tu. Kwa hiyo waya zote zinazofika kwenye swichi zangu ni za milimita mraba 0.8, laini kama uzi wa viatu, na fungu zima la nyuma ya dashibodi halizidi unene wa kidole gumba.

Waya nene zinabaki chache na njia zake ni fupi. Kwa feni nimepiga hesabu: waya ya milimita mraba 2 yenye urefu wa mita 3 ingepoteza karibu volti 0.65 kwenye ampea 25, na ingepata joto. Ya milimita mraba 5 inapoteza kama volti 0.26. Nimechukua ya 5. Kwenye taa hesabu ni kali zaidi, kwa sababu balbu ya halojeni haipungui mwanga sambamba na volti. Ikikosa asilimia 10 ya volti, mwanga unapungua kwa takriban asilimia 30. Magari mengi ya zamani yanayosemekana yana taa hafifu hayana tatizo la balbu hata kidogo. Yana waya nyembamba, ndefu, na ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia mwili wa gari) yenye kutu.

Aina ya waya nayo ina maana. Nimenunua yenye ngozi ya polithini iliyopikwa, ambayo inavumilia joto la nyuzi 125 za Selsiasi na ngozi yake ni nyembamba. Waya ya kawaida ya PVC huanza kulainika mapema zaidi, na karibu na ekzosi hiyo ni hatari. Kwenye paipu finyu, wembamba wa ngozi ndio unaoamua kama waya kumi zitaingia au saba.

Kadibodi

Nimefunga kiti, nimefunga usukani kwenye kimo chake halisi, nikakata kadibodi ya umbo la dashibodi na kuishikiza kwa sumaku. Duara za karatasi zenye ukubwa wa geji nimezibandika kwa tepu ya rangi, nikakaa, nikatazama, nikazihamisha.

Dashibodi ya kiwandani ya gari hili ilikuwa na kibao cha umbo la yai katikati, na geji ndogo ndani yake. Ni kizuri, lakini kiko mbali na macho ya dereva na hakina nafasi ya takometa, geji ya mizunguko ya injini. Njia ya pili inayopendwa na wajenzi ni kuiga kibao kirefu cha Auburn ya 1932, ambacho wapenda hotirodi wamekuwa wakikitoa kwenye Auburn na kukipachika kwenye Ford tangu zamani. Mimi nimechukua wazo la urefu tu. Kibao changu ni kirefu, ncha zake zimeviringwa, kinakaa mbele ya dereva na kuishia karibu na katikati ya gari. Spidometa na takometa ni za milimita 86, na geji nne ndogo ni za milimita 52: presha ya oili, joto la maji, mafuta, na volti.

Nimechagua kipimo cha volti badala ya ampea kwa makusudi. Kipimo cha ampea cha mtindo wa zamani kinataka mkondo wote wa kuchaji upite ndani yake, maana yake waya nene yenye umeme wakati wote nyuma ya bati. Cha volti kinataka waya mbili nyembamba, na kwa kweli kinakuambia zaidi: 12.6 injini imezimwa, 14 na kitu inapochaji.

Ukingo wa usukani ndio adui. Geji mbili za pembeni zilikuwa zinafichwa nusu. Nimeinua kibao kwa milimita 15 na kusogeza spidometa karibu na takometa mpaka zote mbili zikaonekana ndani ya duara la usukani. Presha ya oili na joto la maji ziko karibu na jicho, kwa sababu hizo ndizo zinazookoa injini. Mafuta na volti zinaweza kungoja. Magari ya mashindano huzungusha geji ili sindano zote zisimame wima mambo yakiwa shwari. Nilijaribu kwenye kadibodi, maandishi yakalala upande, nikaacha.

Ukikata kadibodi kumbuka pete ya geji. Tundu ni la milimita 52, lakini pete inayolala juu ya bati ni pana zaidi, na geji zilizoonekana kuwa na nafasi nzuri kwenye karatasi hugusana pete kwa pete kwenye bati.

Bati

Chuma laini cha milimita 1.2 kwa dashibodi. Cha 0.9 kinakunjika kwa urahisi, lakini hupiga kelele na kucheza ukikigonga. Cha 1.5 kinakataa mkono.

Ukingo wa chini nimeukunja kwa kuuzungusha kwenye paipu ya kipenyo cha nje cha milimita 38 iliyofungwa kwenye jiliwa mbili. Bati limeshikwa kwa kipande cha chuma bapa, halafu linavutwa chini kwa viganja, likimaliziwa kwa nyundo ya mbao. Hapa haraka haifai. Unasukuma kidogo ncha hii hadi ncha ile, unarudi, unasukuma tena. Ukimaliza sehemu moja kabla ya nyingine, bati linakumbuka, na utaona wimbi siku ya rangi.

Ncha mbili zinazokutana na bodi zilihitaji kunyooshwa kwa gurudumu la kupanua bati, kwani bodi pale inaviringika pande mbili kwa wakati mmoja. Kuziunga na sehemu ya kati nimetumia TIG, uchomeleaji wa umeme wenye gesi ya kukinga, nikipiga madoa kila milimita 20, kisha nikifunga katikati ya madoa kwa kuruka huku na huku ili joto lisikusanyike. Bati lililochomelewa husinyaa likipoa, hilo halikwepeki. Dawa ni kugonga juu ya mshono kwa nyundo, na fuawe ya mkononi chini yake, ili mshono utanuke tena hadi mahali ulipotoka. Nimefuata mshono kwa vidole huku nimefumba macho, kwa sababu kiganja huhisi bonde ambalo jicho halilioni mpaka rangi nyeusi inayong'aa ipakwe, na wakati huo umechelewa.

Tundu kubwa la kibao limekatwa milimita 12 ndani ya mstari, kisha ukingo ukakunjwa kuelekea nyuma. Mkunjo huo ndio unaoipa dashibodi ugumu, na bila huo bati lenye tundu refu namna hiyo lingepinda kama kisigino cha ndala.

Kibao cha geji na vile viduara

Kibao ni alumini ya milimita 2. Ninataka sura ile ya viduara vinavyopandana kama magamba ya samaki, kama vilivyoonekana kwenye magari na ndege za miaka ya 1920 na 1930. Watu hununua stika. Stika inaonekana ni stika.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuelewa na ndefu kufanya. Kwenye drili ya kusimama nimefunga kijiti cha raba yenye chembe za msasa, kipenyo cha milimita 12. Alumini imesuguliwa kwa msasa wa 400, ikapakwa mafuta mepesi yaliyochanganywa na dawa ya kusagia vali. Kijiti kinazunguka, unakishusha, unahesabu hadi mbili, unakinyanyua. Duara moja limekwisha. Unasogeza kibao milimita 6, yaani nusu ya kipenyo, unashusha tena. Duara la pili linakula nusu ya la kwanza. Ukimaliza mstari, unarudi mwanzo na kushuka milimita 6, na mstari mpya unakula nusu ya ule wa juu.

Mistari yote lazima ianzie upande uleule. Ukigeuza, magamba yatatazama kushoto mstari mmoja na kulia mstari unaofuata. Kuna wanaopenda hivyo. Kijiti huchakaa na kuwa mviringo kwenye ncha, kwa hiyo kila baada ya mistari miwili nimekinyoosha kwa tupa. La sivyo duara za chini zingekuwa na doa linalong'aa katikati na kingo hafifu. Usogezaji nimeufanya kwa kipande cha mbao chenye mikato kila milimita 6 kinachoteleza dhidi ya kizuizi. Kwa kukadiria kwa jicho utapotea kabla ya kufika nusu.

Matundu ya geji nimeyatoboa kabla ya viduara. Yakitobolewa baadaye, vumbi la alumini litakwaruza kazi nzima.

Kibao kinashikwa hivi: chini kina pini mbili zinazoingia kwenye mikono ya dashibodi, na juu, nyuma ya ukingo, kuna nati mbili za vidole. Ukipenyeza mkono chini ya dashibodi na kuzifungua, kibao kinainama mbele na kulala juu ya mhimili wa usukani, geji zote zikiwa bado zimeunganishwa na zinafanya kazi. Hakuna skrubu inayoonekana kwa mbele. Fungu la waya la kibao lina urefu wa ziada wa sentimita 30, limekunjwa mara moja nyuma yake, na linaishia kwenye soketi moja ya miguu 16. Ukiichomoa, unakibeba kibao mezani.

Kusuka fungu la waya

Nimelisuka juu ya ubao wa plaiwudi wenye misumari, kila msumari ukiwa mahali pa kona au tawi, vipimo vikiwa vimechukuliwa kwenye gari kwa kamba. Waya ndefu kabisa zinakaa katikati, zinazotoka mapema zinakaa nje, ili tawi litoke bila kuvuka mwenzake.

Sikutumia tepu ya plastiki. Nimefunga kwa uzi wa nta, namna mafundi wa ndege na simu walivyofunga kwa miongo mingi. Unazungusha uzi chini ya fungu, unaupitisha ndani ya kitanzi chake mwenyewe, unakaza mpaka waya zishikane lakini ngozi zisibonyee, unasogea milimita 30, unarudia. Vifundo vyote vinakaa upande mmoja na vinafuata mstari mnyoofu. Likimalizika, fungu linakunjika kama mkia wa paka na halina gundi ya kuyeyuka. Sehemu zinazoingia kwenye paipu nimezivika soksi ya nailoni iliyosokotwa.

Kuhusu kubana ncha za waya au kuziunga kwa risasi iliyoyeyushwa, msimamo wangu ni kubana. Taminali (kichwa cha chuma cha ncha ya waya) ya mdomo wazi ina masikio mawili: la mbele linashika shaba, la nyuma linashika ngozi, na hilo la nyuma ndilo linalopokea mtikisiko. Risasi hupanda ndani ya nyuzi za shaba na kuzifanya ngumu, na pale ugumu unapoishia ndipo waya inapokatika kwenye gari linalotetemeka. Kila taminali niliyobana nimeivuta kwa nguvu ya mkono. Ikitoka mkononi, afadhali itoke leo.

Kila waya ina jina lililochapwa kwenye mrija wa kusinyaa, ncha zote mbili. Mchoro wa mfumo mzima umefungwa kwenye plastiki na kubandikwa chini ya trei ya fyuzi, kwa atakayelifungua gari hili mimi nisipokuwepo.

Altaneta na swichi kuu

Altaneta ni ya Delco ya mtindo wa 10SI, yenye miguu ya 1 na 2 pamoja na bolti nene ya nyuma. Wengi huunga mguu wa 2 kwenye bolti hiyohiyo na kumaliza. Inachaji, lakini altaneta inapima volti za mgongoni kwake yenyewe. Mguu wa 2 ni wa kuchungulia volti: nimeupeleka mpaka kwenye bolti ya usambazaji kando ya sanduku la fyuzi, ili volti zinazolindwa ziwe zile zinazofika kwenye taa na feni.

Mguu wa 1 unapitia taa nyekundu ya onyo kwenye dashibodi. Taa hiyo si pambo. Ukiunga mguu wa 1 moja kwa moja na swichi ya ufunguo, altaneta inaweza kurudisha mkondo kwenye mfumo wa kuwashia, unazima ufunguo na injini inaendelea kunguruma. Balbu inazuia mkondo huo usitoshe, na diodi, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, nayo ingefanya kazi hiyo.

Distributa ni ya HEI, mfumo wa kuwashia wa elektroniki, inataka volti 12 kamili, bila rezista. Waya moja ya milimita mraba 3 kutoka kwenye rilei, basi.

Kwenye buti kuna swichi kuu ya kukata betri. Waya ya kuchaji nimeirudisha upande wa betri wa swichi hiyo, na fyuzi yake iko karibu kabisa na betri. Ingekuwa upande wa pili, siku ya hatari ungekata betri na altaneta ingeendelea kuilisha injini peke yake.

Kebo ya stata ni ya milimita mraba 50. Kwa ampea 200 na urefu wa mita 4 inapoteza volti 0.28. Ya 25 ingepoteza maradufu, na upotevu wa njia ya kurudi haujahesabiwa hapo. Kutoka kwenye injini kuna kebo ya ethi ya unene uleule hadi kwenye chasisi, kwa sababu injini imekaa juu ya raba na raba haipitishi umeme.

Geji ya mafuta

Tangi lilikuja na sensa ya ohmu 0 hadi 90, za magari ya General Motors. Geji yangu inataka 240 tangi likiwa tupu na 33 likijaa. Zikiunganishwa hivyo, sindano ingepanda kuelekea kujaa kadiri mafuta yanavyopungua. Nimebadilisha sensa. Geji nimeihakiki mezani kwa rezista: ya 33 sindano imesimama kwenye kujaa, ya 240 imelala kwenye tupu. Jaribio la dakika tano.

Sensa za oili na maji zinapata ethi kupitia nyuzi zake za skrubu, kwa hiyo tepu nyeupe ya mabomba sikuizungusha.

Umeme wa kwanza

Sikuunga betri moja kwa moja. Kati ya chanya na mfumo nimeweka balbu ya wati 21. Kama kuna waya inayogusa chuma, balbu inawaka kwa nguvu zake zote na mkondo hauzidi ampea 1.75, hakuna kinachoungua. Fyuzi zote nje, balbu kimya. Fyuzi moja baada ya nyingine ndani, kimya. Indiketa zimeifanya imetemete kidogo, kama inavyopaswa.

Jambo moja lilijitokeza. Taa ndogo ya indiketa kwenye dashibodi ni moja kwa pande zote mbili, na taa za nje ni za LED. Nilipowasha kushoto, za kulia nazo zikapepesa kwa mbali, kwa kuwa LED inatosheka na mkondo mdogo unaopenya kwenye taa hiyo ya pamoja. Diodi mbili, moja kila upande, na ethi ya taa kwenye bati. Flasha, kifaa kinachopepesa indiketa, ni ya elektroniki, kwa maana ile ya joto inategemea mkondo wa balbu za kawaida.

Baada ya hapo betri kamili, kisha injini. Inapochaji bolti ya usambazaji inasoma volti 14.2. Kwenye soketi ya taa kubwa ya kushoto, taa zikiwa zimewaka na feni inazunguka, 13.8. Kila kitu kikiwa kimezimwa, mkondo unaovuja ni miliampea 18, na huo ni wa saa ya redio.

Kilichobaki

Dashibodi imetolewa tena kwa ajili ya rangi. Tundu la ukuta wa injini lina raba ya muda, ya kudumu nitaitia fungu likishatulia. Spidometa inasoma mapigo kutoka kwenye giaboksi na itabidi ipangwe kwa umbali uliopimwa barabarani. Mota ya wipa bado inanisumbua kichwa: waya yake lazima ipande ndani ya nguzo ya kioo cha mbele, na nguzo ina ukuta wa ndani nusu ya njia.

Fundi wa viti ameshauliza mara ngapi aje kufunika paneli za pembeni. Nimemwambia asubiri gari litembee kilomita 500 kwanza, paneli zikiwa zimeshikwa kwa skrubu mbilimbili, nipate kuzifungua jioni na kupapasa fungu la waya kutafuta mahali palipopata joto au palipoanza kusuguka.